Mbona Kabati Hanywi Kahawa?

Benchi lenyewe ni refu, na mazungumzo yake ni marefu kulishinda. Limeegemezwa ukutani kati ya mlango wa kinyozi na meza ya fundi redio, chini ya bati linalovuja upande wa kinyozi tu. Mbele yake barabara ilichimbwa mtaro wa mabomba, mabomba hayakuja, na wapita njia huvuka kwa mbao mbili zilizolazwa juu ya shimo, wakinyoosha mikono kama wanaocheza ngoma wasiyoijua. Jua likilegea, Shangazi Birika huwasha jiko lake la mkaa pembeni, kikombe kikagonga kikombe, na wenye benchi wakaanza kuutengeneza ulimwengu. Jioni ile hawakuwa na habari na ulimwengu. Walikuwa na mgongo mmoja wa kutengeneza, na mwenye mgongo alikuwa amekaa katikati yao, ameshika kikombe kilichojaa.

Walimwita Kabati. Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu, au tuseme vitu vya watu, maana watu wenyewe hutangulia mikono mitupu. Kabati la milango mitatu alilibeba peke yake, mkanda wa turubai umepita kwenye paji la uso, akapanda nalo ngazi hadi juu bila kuuchubua ukuta. Jana yake alikuwa akipandisha jokofu. Kwenye kona ya ngazi kitu kikalia ka! chini ya mgongo wake, kama ukuni mkavu unapovunjwa gotini, na moto ukamshuka miguuni, miguu yote miwili. Jokofu hakuliangusha. Alilifikisha, akalisimamisha mahali pake, akaaga. Kisha akashuka ngazi kwa makalio, kama mtoto anayejifunza nyumba.

— Huo ni ubaridi, alisema Wembe. Huyo ndiye kinyozi, na jina alipewa kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Niambieni, jokofu lina baridi au halina?

— Lina, alikubali Mawimbi, fundi redio, bisibisi ameichomeka nyuma ya sikio.

— Alilibeba kwa mgongo au kwa mkono?

— Kwa mgongo.

— Sasa mnataka ushahidi gani? Baridi imehama. Imetoka kwenye jokofu, imeingia kwenye mgongo.

— Lilikuwa limezimwa, Wembe, alisema Kabati. Halikuwa hata na barafu.

— Baridi ya zamani ndiyo mbaya, kaka. Ile imeshazoea kukaa.

Wakacheka. Kabati naye alianza kucheka, akakatiza katikati. Kucheka kulimbana tumbo, na tumbo lile hakutaka kulikumbuka. Tangu alfajiri lilikuwa gumu kama ngoma iliyowambwa. Alikwenda chooni nyuma ya kinyozi akasimama, akangoja, akapiga mluzi, akafungua bomba ili maji yamshawishi. Hakuna kitu. Akarudi, akakaa, akapewa kahawa, akaishika.

— Mwacheni na baridi yake, alisema Mawimbi. Nyie hamjui mgongo. Mgongo wa binadamu ni antena. Zile pingili mnazoziona zinaingiana kama antena ya redio. Mtu akiinama, antena imeingia. Akisimama, imetoka. Ya Kabati imekwama njiani.

— Antena!

— Hukumsikia wakati anakaa? Khhhaa! Ule si uchungu. Ule ni mkwaruzo. Stesheni haijakaa sawa.

— Na dawa yake? aliuliza Wembe.

— Waya wa ardhi. Unamfunga shaba kwenye kifundo cha mguu, ncha ya pili unaitumbukiza mtaroni kwenye unyevu. Nguvu zote mbaya zinashuka.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Kamusi kutoka mwisho wa benchi.

Kamusi alikuwa mwalimu wa shule, akastaafu, na methali zilistaafu pamoja naye: zilikuwa zote zipo, ila hazikujua tena kazi zao.

— Hiyo inaingiaje, Mwalimu? Mawimbi aliuliza. Jokofu halikai mvunguni.

— Inahusu kuinama. Nisikilizeni. Kabati amebeba vitanda vya watu waliopendana, na vitanda vya watu hao hao siku walipoachana. Amebeba meza waliyogombania ndugu. Mnadhani vitu vile ni vitupu? Kila mzigo una majonzi yake, na majonzi huvuja. Yamemwingia pingili kwa pingili. Damu nzito kuliko maji.

— Sasa atibiweje?

— Arudishe. Aende kwa kila mteja, achukue kile alichokipandisha, akishushe. Kinyumenyume, tokea cha jana mpaka cha kwanza. Mgongo utajifungua wenyewe.

— Mwalimu, alisema Kabati kwa upole, mimi hapa hata kiatu sikiwezi.

Shangazi Birika, aliyekuwa akikoroga bila kuinua macho, akaguna. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya haraka na maneno ya akiba, na katika kijiwe kile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sheria. Aliitunga zamani, siku walipotaniana matusi mbele yake mpaka akabeba jiko akahamia mtaa wa pili, na wanaume wakakaa juma zima wakinywa maji. Walipomwendea kumwomba radhi alirudi na neno moja: ya chini ya mkanda hayatajwi kwenye benchi lake. Atakayeyataja, ataosha vikombe vyote. Waliipenda sheria ile kuliko aliyeitunga. Waliifanya mchezo, wakaivizia, na kila jioni mtu mmoja alitegwa akaosha.

Kabati alijua kikombe chake kimepoa. Alijua pia jambo jingine. Asubuhi maumivu yalikuwa yakimla mpaka vidoleni, sasa yamepungua, na kupungua kule hakukumfurahisha. Kulikuwa na ukimya mahali pale, pale pale panapokalia benchi. Aliwaza, labda niseme. Hawa ni watu wangu. Nikiwaambia hawa nitakuwa nimeyaweka chini, kama mtu anavyoweka mzigo kwenye kona apumue.

— Jamani, alisema. Kuna jambo jingine.

— Sema, kaka.

— Si mgongo wenyewe. Ni… kama limeshuka.

Wembe akanyanyua kidole, macho yanang’aa.

— Limeshuka wapi? Juu ya mkanda au chini ya mkanda?

Kabati akakitazama kikombe.

— Chini.

— Faini! walipiga kelele wote watatu, na benchi likatikisika kwa kicheko. — Shangazi, mpe sabuni! — Leo tumemnasa mzee wa heshima! — Ngoja ngoja yaumiza matumbo!

Hiyo ya mwisho ilikuwa ya Kamusi, na kwa bahati mbaya ilikuwa ya kweli kuliko zote, lakini aliyeijua kweli yake alikuwa mmoja tu, naye akatabasamu, akasema ataosha, akanyamaza.

Hakunyamaza kwa haya peke yake. Kesho yake binti yake alikuwa anahama. Msichana huyo alishona kwenye kibaraza cha watu kwa miaka, sasa amepata chumba chake mwenyewe, ghorofa ya tatu, dirisha kubwa, mwanga mzuri wa kushonea. Ana cherehani ya miguu, ya chuma, nzito kama ukaidi, aliyoachiwa na mama yake marehemu. “Baba, niite vijana waibebe?” aliuliza. Na Kabati akamjibu, “Nimebeba za watu wote mjini, ya mama yako ibebwe na wageni?” Sasa mtu aende hospitali aseme hivi na hivi, wamlaze, wamchane mgongo? Yuko anayemjua aliyechanwa mgongo akarudi kwa kiti cha magurudumu. Akili ilimwambia: ngoja kesho ipite. Ukishaipandisha ile cherehani, hata ukilala, umelala.

— Basi tumtibu, alisema Wembe. Maneno hayavunji mfupa, na hayaungi.

Akaingia ndani, akatoka na taulo la kunyolea, limechovywa kwenye maji yanayochemka na kukamuliwa, mvuke unapanda. Akalibandika kiunoni kwa Kabati juu ya shati. Mawimbi naye alishapiga magoti, anamzungushia waya wa shaba kifundoni.

— Unasikia joto?

— Kiunoni nasikia.

— Tulia liingie.

Kabati akatulia. Taulo zito likateleza polepole kwa uzito wake, likapita mkanda, likajikunja chini yake, akawa amelikalia. Hakushtuka.

— Na sasa? Linachoma?

— Hapana.

— Hata kidogo?

— Silisikii kabisa.

— Mmemwona! Wembe akapiga makofi. Baridi imekwisha! Na maumivu? Sema ukweli. Yale ya asubuhi yapo?

— Yamepungua, alisema Kabati, kwa kuwa ulikuwa ukweli.

— Miguu?

— Ule moto haupo. Imekuwa kama… imelala.

— Imepumzika! alisahihisha Mawimbi. Ni waya. Hata sijautumbukiza mtaroni.

— Ukiona vyaelea vimeundwa, alisema Kamusi, naye machozi ya furaha yalikuwa karibu.

Walifurahi kweli. Hakukuwa na hila ndani ya furaha ile. Watu hawa walimpenda, na mtu unayempenda akisema hasikii maumivu, ni nani atauliza amebaki akisikia nini? Wakaagiza duru nzima. Shangazi akamimina. Wakainua vikombe kwa afya ya mgongo, na Kabati akainua chake, akakifikisha mdomoni, akakirudisha gotini kama kilivyo.

Ndipo mbao za mtaroni zikalia, na mwanamke akavuka. Alikuwa kijana, viatu vya chini, sare imekunjwa mkononi, chupa ya chai tupu kwapani.

— Hamjambo wazee wangu. Shikamoo, Shangazi. Naomba nijaziwe hii. Na mniambie, ni nani kati yenu alinipandishia jokofu jana? Nilikuwa zamu, sikumwona. Nimekuja kumshukuru.

— Huyu hapa, akasema Wembe kwa majivuno, kama anayeuza. Alikuwa mgonjwa, tumeshamponya.

— Jirani aliniambia alishuka ngazi kwa makalio. Sikulala vizuri.

— Ilikuwa baridi, alisema Wembe.

— Antena, alisema Mawimbi.

— Majonzi ya wateja, alisema Kamusi, lakini si yako, binti, yako ni jokofu jipya.

Yule dada akawasikiliza wote kwa heshima, akimtazama Kabati. Akatazama waya kifundoni. Akatazama mvuke mwembamba unaotoka mahali ambapo mvuke haupaswi kutoka. Akatazama kikombe.

— Mbona yeye hanywi kahawa?

Swali lilikuwa dogo. Wembe alifungua mdomo, akaufunga. Mawimbi alitoa bisibisi sikioni, akairudisha. Kamusi alipekua methali zake zote, ukurasa kwa ukurasa, hakukuta. Watu waliojua mgongo una nini na ulikipata wapi walikuwa wamekaa naye bega kwa bega tangu mchana, na hawakuwa na jibu la kwa nini kikombe cha rafiki yao kimejaa.

— Shangazi, Mawimbi alinong’ona, amekunywa ngapi leo?

— Hakunywa, alisema Shangazi Birika, na mkono wake ukasimama hewani. Tangu nilipowasha jiko. Nilidhani kahawa yangu imemchosha.

Yule dada akachuchumaa mbele ya Kabati, uso kwa uso, akashusha sauti. Lakini benchi ni benchi, linasikia.

— Baba, mimi ni muuguzi. Leo umekojoa?

— Fai… alianza Wembe. Ulimi ulimtangulia kwa mazoea. Alipoona hakuna aliyecheka, akalimeza neno lililobaki.

Kabati akamtazama Shangazi Birika. Mtu mzima, mjane, baba wa binti, anamtazama muuza kahawa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Shangazi akaweka birika chini.

— Mjibu, alisema. Sheria ile niliiweka kwa ajili ya matusi. Nani aliwaambia ni ya ugonjwa? Mjibu, kaka yangu!

— Tangu jana usiku sijapata, alisema Kabati. Natamani, hautoki.

— Na hapo ulipokaa, unalisikia benchi?

Akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali zuri kama lile.

— Silisikii. Ni kama nimekalia makalio ya mtu mwingine.

Wembe akapeleka mkono chini yake kulivuta taulo, akaliachia akipunga vidole. Lilikuwa bado la moto. Akabaki anaviangalia vidole vyake vyekundu, kisha anamwangalia Kabati aliyekuwa amelikalia bila kukunja uso.

Kamusi alikuwa na methali. Ilimjia yenyewe, nzima, mahali pake hasa, baada ya miaka ya kukosea: mficha maradhi, kilio humfichua. Ilifika mpaka kwenye meno. Akaimeza, kwa sababu alikumbuka ni nani waliomsaidia mtu huyu kuficha.

— Sikilizeni, alisema muuguzi, na sasa alisimama. Migongo mingi inayouma hupona yenyewe. Mtu anatembeatembea, haachi kujinyoosha, baada ya majuma kadhaa anasahau. Huu si huo. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto. Wa kwake umetoka mahali pake, umeyakandamiza mafungu ya neva yanayoshuka huku chini kama mkia wa farasi. Hayo ndiyo yanayoongoza mkojo, na choo, na miguu. Yakikaa yamekandamizwa, yanakufa. Anatakiwa apigwe picha ya mgongo na aonwe na daktari wa upasuaji.

— Tutampeleka kesho asubuhi na mapema, alisema Mawimbi.

— Haraka haraka… alianza Kamusi.

— Leo, Mwalimu. Sasa hivi.

— Wakinichana mgongo, alisema Kabati, sauti imekauka, nitakuwa wa kiti. Namjua mmoja.

— Alifika baada ya muda gani, baba?

Kabati hakujua. Hakuwahi kuuliza.

— Siwezi kukuahidi kitu, alisema muuguzi. Ila ukibaki hapa mimi najua mwisho wake, na ukienda sasa sijui. Mimi ningechagua nisichokijua.

Kabati akaweka kikombe chini, taratibu, kisimwagike. Akajisukuma asimame. Mguu wa kulia ulikubali. Wa kushoto ulikuja na unyayo umening’inia, ukaburuza waya wa shaba, ukajikwaa kwenye jiwe dogo, naye akaanguka mikononi mwa Wembe.

Muuguzi alikuwa tayari kwenye simu. Gari la hospitali litakuja, ila litaishia barabara kuu, maana huku kuna mtaro. Wakatazamana. Hakuna machela, hakuna mkokoteni, mbao mbili tu na shimo. Aliyejua njia alikuwa mgonjwa.

— Benchi, alisema Kabati.

— Nini?

— Nilazeni kwenye benchi. Lina urefu wangu. Shikeni pembe nne.

Wembe akashika pembe moja, Mawimbi ya pili, Kamusi ya tatu. Ya nne Shangazi Birika aliikamata kabla hawajauliza, kanga ameifunga kiunoni, jiko ameliacha linawaka.

— Moja, mbili, alisema Wembe.

— Si hivyo! Kabati alipaza sauti, na ilikuwa sauti yake ya kazini, ile ya kwenye ngazi. Mnataka tuwe wagonjwa watano? Pindeni magoti. Mgongo unyooke. Mzigo uvutwe kifuani. Mwalimu, usiinuke kwa kiuno, inuka kwa miguu. Haya, kwa pamoja!

Benchi likapanda.

— Geuzeni! Kichwa mbele, jamani, mimi si maiti.

Wakageuza. Muuguzi alitangulia kusimamisha wapita njia. Kwenye mbao walikwenda wawili wawili, hatua fupi fupi, mbao zinanung’unika, Kamusi anahema, kijasho cha Mawimbi kinamdondokea mgonjwa usoni. Kabati alilala anatazama mawingu. Miaka yote, chini ya mizigo, alikuwa akitazama ncha za viatu vyake. Hakujua kwamba mzigo nao huogopa.

— Cherehani ya binti yangu, alisema, walipokuwa katikati ya shimo. Kesho. Nani ataipandisha ghorofa ya tatu?

 Walikuwa na pumzi ya kubebea tu.

Walipokanyaga ng’ambo, Wembe ndiye aliyesema, bila kumtazama:

— Ile ngazi ya ghorofa ya tatu. Kona yake inageuzwaje?

Kabati akafumba macho akaiona.

— Kona ya kwanza ni pana, haina shida. Ya pili ndiyo mbaya. Hapo mnaiweka chini kwanza. Mnaiweka, mnapumua. Msione aibu kuiweka chini.

— Halafu?

— Gurudumu la kanyagio mlifunge kamba, lisije likazunguka likamkata mtu. Wa mbele anarudi nyuma. Wa nyuma ndiye anayeona, wa nyuma ndiye anayesema. Na akisema, asikilizwe.

— Endelea, kaka, alisema Shangazi Birika. Tunasikia.

Akaendelea. Gari lilikuwa limeshafika, mlango umefunguliwa, na yeye bado anawaelekeza kona ya tatu. Nyuma yao, ng’ambo ya mtaro, birika lilikuwa linafoka peke yake juu ya jiko. Kahawa ilikuwepo tele, na hapakuwa na pa kuinywea. Ukutani kulibaki mstari mrefu mahali migongo ya watu ilipoegemea miaka yote, na chini yake, kikombe kimoja kilichojaa.